Kipimo cha Kukaa

Fundi Milimita alivuta utepe wake ukutani, akaubana kwa kidole gumba, kisha akageuka kumtazama mwenye nyumba aliyetaka kabati. Fundi huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mnene wa mabega, na penseli yake ya kazi alikuwa ameichomeka kwenye kitambaa cha kichwa. Jina hilo la Milimita walimpa wateja wake, kwa jinsi alivyokuwa hakubali maneno kama "hapo hapo tu" au "kadiria."

"Nimpime mama akiwa amekaa au akiwa amesimama?" aliuliza.

Lilikuwa swali la kazi. Fundi hawezi kuweka fimbo ya kutundikia nguo kama hajui itafikiwa na mkono wa nani. Mama mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu kando ya kitanda, mkono wake wa kulia umelala mapajani kama kitu cha mtu mwingine ambacho ameombwa akishike kidogo. Alifungua mdomo ajibu. Mumewe akamuwahi.

"Amesimama," alisema. "Miezi michache tu, fundi. Atakuwa amesimama."

Mkewe akaufunga mdomo, akageukia dirishani.

Fundi Milimita aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaurudisha utepe taratibu. "Kama ni la kusimama, mzee, mimi hamnihitaji. Madukani makabati ya wanaosimama yamejaa, tena kwa robo ya bei yangu. Mimi niliitwa nikaambiwa kuna mama hafikii nguo zake."

"Lako ni kiasi gani?" aliuliza mume.

Fundi akaeleza. Milango ya kuteleza, ili isigongane na kiti. Fimbo ya chini, na droo zinazovutika kwa mkono mmoja bila kukwama. Nafasi tupu chini, magoti yaingie. Ukuta mzima, kutoka pembe hadi pembe. Kisha akataja bei. Ilikuwa mishahara minne ya msoma mita, na msoma mita ndiye aliyekuwa amesimama mbele yake, sare ya shirika la maji mwilini na daftari kwapani.

"Kabati tu?" alisema.

"Kabati tu."

"Na lina thamani hiyo?"

"Hilo msiniulize mimi," alisema Fundi Milimita, akichukua mkoba wake. "Mimi najua bei."

Fundi alipokwisha kusindikizwa hadi mlangoni, Msoma Mita alirudi chumbani akamkuta mkewe bado anatazama nje, ambako hakukuwa na kitu ila ukuta wa jirani na kamba ya nguo.

*

Kiharusi kilikuwa kimempata mama miezi minane nyuma, akiwa kazini, nyuma ya meza ndefu ya mapokezi ya hoteli alikosimama kwa miaka ishirini na miwili. Mwanamke huyo alijulikana kwa mavazi yake. Mameneja walikuja wakaondoka, wote wakiwaambia wasichana wapya, "Mtazameni mama, halafu mkajitazame kwenye kioo." Pasi yake ilikuwa kama wembe. Skafu alizifunga namna ambayo hakuna aliyeweza kuiga.

Sasa alivalishwa na mumewe. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kusoma mita za watu, mumewe alifungua kabati lao la zamani, refu, ambalo milango yake ilifunguka kwa nje na kugonga kiti cha magurudumu, akatoa nguo aliyoiona yeye. Alijitahidi, hakuna awezaye kusema hakujitahidi. Alijifunza kufunga sidiria kwa vidole vilivyozoea kufunua mifuniko ya chuma barabarani. Alijifunza kuanza na mkono mgonjwa. Lakini rangi zilimshinda, na vifungo vilimshinda zaidi.

Siku moja kliniki, kwenye foleni, walikutana na msichana mmoja wa hoteli. Yule msichana alimkumbatia mama, akarudi nyuma amtazame, na macho yake yakashuka kidogo tu, yakapanda. Blauzi ilikuwa imefungwa kwa kuruka kifungo kimoja, upande mmoja wa ukosi umepanda hadi sikioni. Sketi ilikuwa imegeuzwa, zipu mbele. Msichana aliinama kama anayeokota kitu, akafungua vifungo vyote na kuvifunga upya, mbele ya watu wote, huku akisimulia habari za kazini. Mama alitabasamu kwa ule upande wa uso uliokuwa bado unatabasamu.

Usiku ule ndipo alipomwambia binti yao, kitinda mimba, aliyekuwa akiuza dawa katika famasia: "Nitafutie. Fundi." Maneno yalimtoka moja moja siku hizo. "Nataka kuvaa. Mwenyewe."

*

Fedha walizokuwa nazo zilikuwa za kitu kimoja, si viwili. Ama kabati, ama mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole aliyekuja mara tatu kwa wiki na mpira wake mkubwa na mikanda yake. Msoma Mita aliona hapo hapana hata la kujadili. Jioni ya siku aliyokuja fundi, alivuta kiti, akakaa mbele ya mkewe.

"Mke wangu, kabati lile ni ghali."

"Ghali," alikubali.

"Tukilijenga, mazoezi yanasimama."

Akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa unaonaje? Mtu akuinue usimame, halafu ukutani una kabati la mtoto? Utakuwa unainama kila siku kutafuta nguo zako." Alijaribu kucheka. "Utaumwa mgongo bure."

Mkewe alimtazama. "Na nisi-," alisema, neno likakwama, akalivuta tena. "Nisiposimama?"

"Usiseme hivyo."

"Nauliza."

"Nimesema usiseme hivyo." Alikuwa amekwisha kuinuka. Binti alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi, wala baba hakumwona. "Watu tunahangaika usiku na mchana kwa ajili ya mguu wako, wewe unafikiria nguo. Nguo za nini? Unakwenda wapi wewe na hizo nguo?"

Kuna maneno ambayo mtu akiyasema huyasikia yeye mwenyewe kabla hayajamfikia mwenzake, na bado asiweze kuyarudisha. Alibaki amesimama, mikono imeduwaa. Mkewe hakulia. Aliinamisha kichwa akaanza kuuchezea ukingo wa gauni lake kwa vidole vya kushoto, akiunyoosha, akiunyoosha, kama alivyokuwa akinyoosha kitambaa cha meza ya mapokezi.

"Sikukusudia," alisema mume.

"Najua."

Asubuhi yake alifungua kabati akatoa blauzi ya buluu, ile ambayo hata yeye alijua kuwa inampendeza. Mkewe akatikisa kichwa kukataa.

"Lile la kushindia."

Lilikuwa gauni pana lililopauka, la kufanyia usafi, la kuvaliwa kichwani bila kifungo hata kimoja. Alilivaa siku hiyo, na ya pili, na ya kumi. Likifuliwa usiku na kutundikwa nyuma ya jokofu, asubuhi alilivaa likiwa bado na unyevunyevu mabegani. Wenzake watatu wa hotelini walipokuja kumwona Jumapili na mfuko wa machungwa, alimkonyeza binti. Binti akatoka sebuleni akawaambia mama amelala. Wageni walikaa robo saa wakizungumza kwa sauti ya chini ili wasimwamshe, na yeye alikuwa nyuma ya mlango, macho wazi, akisikia kila kitu.

*

Mazoezi, hata hivyo, aliyafanya kama mwanajeshi. Mume alianza kukatisha mzunguko wake wa kazi ili awahi nyumbani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mtaalamu alimshika mama upande mmoja, yeye akamshika upande mwingine, nao wakamwinua kati ya vyuma viwili vilivyowekwa sebuleni mahali pa meza. Jasho lilimtiririka mkewe usoni, midomo ikageuka rangi.

"Moja," alihesabu mume. "Mbili. Tatu. Nne... Kaa, kaa, usijiumize. Nne! Juzi zilikuwa tatu."

Alizisambaza zile sekunde nne mtaa mzima. Alipoinama kusoma mita kwenye nyumba za watu na mwenye nyumba akamuuliza, "Mama anaendeleaje?" alijibu akiwa bado amechuchumaa, "Amesimama sekunde nne, bwana. Nne." Akaandika tarakimu zake akaenda nyumba ya pili kwa mwendo wa kijana.

Mkewe alikuwa akimtazama anaporudi na furaha hiyo. Akimwuliza, "Umechoka?" husema, "Sijachoka." Akimwuliza, "Kesho kutwa tutafika tano?" husema, "Tutafika."

*

Alhamisi moja mume alirudi saa sita mchana kuchukua miwani aliyoisahau. Binti alikuwa kazini. Aliita, hakuitikiwa. Chumbani alikuta kiti cha magurudumu kimelala ubavu, mlango wa kabati umeingia katikati ya spoki za gurudumu, na mkewe yuko sakafuni baina ya kabati na kitanda, shavu juu ya saruji. Mkononi mwake, ule mkono mzima, alikuwa ameshika blauzi ya kijani pamoja na hanga yake.

"Umeanguka saa ngapi?"

"Ulipo-. Ulipoondoka."

Yaani saa nne nzima. Sakafu ilikuwa imelowa chini yake. Alimwinua, akamkalisha kitandani, akaleta beseni la maji na taulo. Hakuna mfupa uliovunjika. Alimfuta, naye mkewe akajigeuza kumsaidia pale alipoweza, bila aibu tena, kama wanavyokuwa watu ambao aibu imekwisha kupita kati yao ikaenda zake.

"Ulitaka kwenda wapi?" aliuliza, na alipojisikia akauma ulimi. "Namaanisha, kulikuwa na mgeni? Kuna mtu anakuja?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Nilitaka tu. Kubadilisha."

"Si ungenisubiri, mke wangu? Ningerudi nikakuvalisha."

Aliifikiria hiyo. Ulimi ukalitafuta neno, ukalipata.

"Nimekusubiri. Sana."

*

Kesho yake, kabla ya kazi, Msoma Mita alikwenda kumwona mtaalamu wa mazoezi kwenye kichumba chake cha kupanga, nyuma ya kliniki, chenye kitanda kimoja kirefu na picha ya misuli ya binadamu ukutani. Alikuwa amejipanga njia nzima atakavyosema. Hakutaka kijana aone kwamba wamekata tamaa.

"Nimekuja tuombe mapumziko kidogo," alisema. "Miezi miwili. Kuna kabati tunataka kumjengea mama, halafu tutaendelea pale pale tulipoachia. Nne hizo tusizipoteze. Nataka unieleze nimfanyishe nini mimi mwenyewe nyumbani."

Kijana alikuwa akikunja taulo. Aliacha. Akaenda kufunga mlango, akarudi akakaa kwenye kile kitanda kirefu, si kwenye kiti chake.

"Mzee, mama hakukwambia?"

"Hakuniambia nini?"

"Ule mguu hautambeba. Tulijua tangu mwezi wa tatu wa ugonjwa. Daktari alijua, mimi nikajua. Nilimweleza mama mwenyewe, ni haki yake kujua. Nikamwambia nitazungumza na wewe." Alijikuna kidevu. "Akanikataza."

"Akakukataza."

"Mazoezi si bure, usifikiri nakula hela yako. Bila mazoezi viungo vinakakamaa, na maumivu yake hayo si ya kawaida. Lakini mara moja kwa wiki ingetosha. Nilimwambia. Akasema mara tatu."

"Kwa nini?"

Kijana alilitazama taulo. "Alisema siku ukisikia hutakuwa na pa kukimbilia. Akasema, mwache kwanza."

Nje mtu alikohoa kwenye benchi, akisubiri zamu yake.

"Na zile sekunde nne?" aliuliza Msoma Mita. "Mimi nilikuwepo. Nilihesabu mwenyewe."

"Tulimbeba, mzee," alisema kijana kwa upole. "Mimi upande huu, wewe upande ule."

Msoma Mita alikwenda kazini. Hakujua pengine pa kwenda. Alifunua mifuniko, akainama, akasoma, akaandika. Kwenye nyumba ya tano au ya sita alichuchumaa juu ya mita akaitazama ile sindano nyekundu ikizunguka, maji ya watu yakienda jikoni kwa watu, na hakuweza kukumbuka kama amekwisha kuandika au bado. Mwenye nyumba, mwanamama mwenye mtoto mgongoni, akatoka kibarazani.

"Habari za mama? Tumefika ngapi?"

Aliinuka kwa shida, akipangusa magoti. "Hajambo," alisema. "Hajambo, anakusalimu."

*

Fundi Milimita alikuja tena Jumamosi. Bei ilikuwa ile ile. Alisema angeipandisha, mbao zimepanda, lakini neno lake ni neno lake. Binti alisimama mlangoni. Mama alikuwa amevaa gauni la kushindia.

Fundi alivuta utepe. Safari hii hakuuliza. Alisubiri tu, kidole gumba ukutani.

"Amekaa," alisema Msoma Mita.

Mkewe alimgeukia. Alimtazama usoni jinsi mtu anavyosoma barua, kuanzia juu hadi chini, na alipofika mwisho alijua kila kitu alichojua mumewe.

"Mama, inua mkono wako ule mzuri," alisema fundi. "Usijivute. Fika pale unapofika bila taabu. Hapo hapo."

Alichomoa penseli kwenye kitambaa cha kichwa, akachora mstari mfupi kwenye ncha ya vidole. Kiti kikasogezwa nyuma. Msoma Mita akasogea kuutazama ule mstari. Ulimfikia kwenye mfuko wa shati. Juu yake ulikuwa umebaki ukuta mkubwa, mweupe, hadi darini, na yeye alisimama akiukodolea macho kama aliyeonyeshwa shamba lililouzwa.

"Amekwambia," alisema mkewe nyuma yake.

"Ameniambia."

Fundi Milimita alipiga magoti akaanza kupima pembe za sakafu, pembe ambazo alikwisha kuzipima mara ya kwanza.

"Kwa nini, mke wangu? Miezi yote ile. Ulikuwa unaumia. Nilikuona unavyoumia."

"Ulikuwa unafurahi." Alipumzika. Maneno yaliyofuata yaliwachukua wote muda mrefu, yeye kuyasema na wao kuyasubiri, na hakuna aliyemsaidia. "Kila kitu. Unanifanyia wewe. Sikuwa na kitu. Cha kukupa. Nilikuwa na hicho."

Binti akaondoka mlangoni. Walisikia bomba la jikoni likifunguliwa kwa nguvu na kuachwa wazi.

*

Kabati lilijengwa kwa siku tatu. Watu wawili watatu wa ukoo walipita kulitazama, wakagusa mbao, wakauliza bei, wakaguna. Dada yake Msoma Mita alisema kwa fedha hiyo angeweza kununua pikipiki. Alikunywa chai yake akaondoka.

Asubuhi ya kwanza Msoma Mita aliamka kama kawaida, akateremsha miguu kitandani, akaenda kabatini.

"Toka," alisema mkewe.

"Nikusaidie kukaa kwenye kiti tu."

"Kiti sawa. Halafu toka."

Alimkalisha, akatoka, akafunga mlango. Ujia wa nyumba yao ulikuwa mwembamba, na hapo palikuwa na kigoda cha binti cha kuvalia viatu. Akakikalia. Alisikia mlango wa kabati ukiteleza, sauti laini, fundi hakudanganya. Alisikia hanga zikisogezwa kwenye fimbo moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayepita mbele ya watu anaowajua akiwasalimu. Droo ikavutwa. Kisha kimya. Kisha pumzi nzito, na kitambaa, na pumzi. Kisha kitu kikaanguka sakafuni, naye akajikuta amesimama, mkono kwenye kitasa.

"Usiingie."

Akakaa.

Binti alikuja na sare ya kazi mkononi. "Baba, saa moja na nusu. Utachelewa."

"Acha nichelewe."

Binti akachuchumaa karibu yake, mgongo ukutani, nao wakasikiliza pamoja, kama watu waliokaa nje ya chumba cha upasuaji. Ilichukua dakika arobaini na tano. Mlango ulipofunguka ulifunguka kidogo kidogo, kwa kusukumwa na mguu wa kushoto.

Alikuwa na sketi nyeusi na blauzi ya kijani. Vifungo vyote vilikuwa mahali pake, hata cha shingoni. Skafu aliifunga ile namna yake, sijui kwa meno, sijui kwa kitu gani, fundo likiwa kando kidogo ya koo. Midomo aliipaka rangi, na upande wa kulia, ule uliokufa ganzi, rangi ilikuwa imevuka mpaka kidogo. Kijasho kilimmeremeta kwenye paji la uso.

Msoma Mita aliinuka. Miezi minane na zaidi alikuwa amemsubiri mke wake arudi. Aliamini atarudi kwa miguu, siku moja, na kila asubuhi alipomvalisha alikuwa akimvalisha mgonjwa aliyekuwa akimshikia nafasi. Sasa huyu hapa mke wake, na skafu yake, na harufu ya manukato yake, na amekaa. Hakuna mwingine aliyekuwa anakuja. Mikono yake ilianza kupanda yenyewe kuelekea kwenye ile blauzi, ikitafuta kifungo cha kurekebisha, isikipate, akaishusha.

"Vipi?" aliuliza mkewe.

"Umependeza," alisema, akijifuta macho kwa kiganja.

"Unalia nini?"

"Sijui."

Alimtazama, si kwa ukali. Kisha akakamata gurudumu kwa mkono wa kushoto, akakita mguu wa kushoto chini.

"Ujia mwembamba," alisema. "Nipishe."

Akajibana ukutani, tumbo ndani, naye akapita.